Nta ya Kuchanganyia Losheni na Krimu: Ipi Inunuliwe Kwanza na Ipi Iachwe Dukani

Neno "nta" limewaponza wengi wanaojifunza kutengeneza losheni nyumbani, nami nikiwa mmoja wao. Kopo langu la kwanza lilikuwa na punje nyeupe za kupendeza, na lebo yake ilisema tu kwamba ni nta nyeupe ya vipodozi. Nilizipima, nikaziyeyusha pamoja na mafuta, nikamimina maji ya moto na kupiga kwa blenda ya mkono mpaka mchanganyiko ukawa mweupe kama maziwa, nikajipongeza. Kulipokucha nilikuta maji ya ukungu yametuama chini ya chupa na tabaka gumu la mafuta limeelea juu, kwa sababu nilichouziwa kilikuwa nta ya nyuki iliyopaushwa, na nta ya nyuki peke yake haina uwezo wa kushikanisha maji na mafuta.

Nta ya kuchanganyia, ijapokuwa inauzwa kwa jina hilo na kwa macho inafanana na nta nyingine, ni kitu tofauti kabisa. Sehemu yake kubwa ni alkoholi ya mafuta, yaani kitu kigumu, cheupe, chenye kuteleza, ambacho hakikaushi ngozi kama inavyofanya spiriti, na ndani yake kimetiwa kiambato chenye molekuli za pande mbili, upande mmoja ukipenda maji na wa pili ukipenda mafuta. Molekuli hizo hulizingira kila tone dogo la mafuta na kulizuia lisiungane na jirani yake, huku alkoholi ya mafuta ikiimarisha ukuta huo na kuipa losheni uzito wake. Kwa hiyo jambo la kuuliza wakati wa kununua ni kiambato hicho cha pande mbili ni kipi, na jibu halipo kwenye jina kubwa la mbele ya kopo, bali katika orodha ya viambato iliyochapishwa kwa herufi ndogo nyuma yake. Muuzaji asiyeweza kuonyesha orodha hiyo hafai kupewa fedha, hata akiwa na maneno matamu kiasi gani.

Katika kuzipanga nta zifuatazo kwa ubora nimeangalia kwanza kama mchanganyiko unadumu bila kutengana, kisha kama nta inamvumilia mtu anayetumia vyombo vya jikoni, na mwisho jinsi losheni inavyohisika ikishapakwa.

Nafasi ya kwanza naipa nta ya kuchanganyia yenye herufi NF, ambazo zinatokana na kitabu cha viwango vya dawa cha Marekani. Kwenye lebo yatafutwe majina mawili kama yanavyochapishwa, Cetearyl Alcohol na Polysorbate 60, ingawa baadhi ya watengenezaji huongeza kiambato cha tatu. Nta hii haina chaji ya umeme, na kwa sababu hiyo hugombana na viambato vichache sana. Husamehe makosa ya mgeni, kwani joto likipungua kidogo au blenda ikizimwa mapema, mara nyingi losheni hushika tu. Kipimo chake ni kati ya asilimia 3 na 6 ya uzito wa losheni nzima, na wengi hufuata kanuni nyepesi ya kuweka nta kiasi cha robo ya vitu vyote vya upande wa mafuta, nta yenyewe ikihesabiwa humo. Polawax, inayotengenezwa na kampuni ya Croda, ni ndugu wa karibu wa nta hii. Faida yake ni kwamba inatoka kwa mtengenezaji mmoja, hivyo kopo la leo na la mwakani hufanana, ilhali nta ya NF isiyo na jina la mtengenezaji huweza kubadilika kidogo kutoka kwa muuzaji mmoja hadi mwingine. Kwa anayejitengenezea mwenyewe tofauti hiyo haistahili gharama ya ziada. Kwa anayeuza, inastahili.

Kasoro yake ni ya hisia tu. Losheni ya NF ni nzuri lakini ya kawaida, yenye kuteleza kwa utelezi mzito kidogo. Pia wapo wanaoikataa kwa sababu Polysorbate 60 hutengenezwa kwa kutumia gesi ya ethilini oksaidi, na hao nitawarudia hapa chini.

Ya pili ni BTMS-50, hasa kwa mtu ambaye katika mipango yake kuna kondishena ya nywele. Kiambato chake kikuu, Behentrimonium Methosulfate, kina chaji chanya, na kwa kuwa nywele zilizochakaa hubeba chaji hasi, hujishikiza juu yake na kuzilainisha hata baada ya kusuuzwa. Kwenye ngozi huacha hisia kavu ya poda ambayo watu wasiopenda mafuta mafuta huifurahia sana. Mimi binafsi naona ndiyo hisia bora kuliko zote katika orodha hii, na kama ingekuwa na subira zaidi ningeipandisha. Neno "Methosulfate" lisimtishe mtu, kwa maana kiambato hiki hakina uhusiano na salfati za kutoa povu zilizomo katika shampuu. Kinachotakiwa ni kutokichanganya na sabuni au kiungo chochote chenye chaji hasi, kwa sababu viwili hivyo hukamatana na kufanya mabonge. Iko pia BTMS-25, yenye kiasi kidogo zaidi cha kiambato hicho kikuu. Ni vyema kuhakikisha ipi imo katika mapishi kabla ya kuagiza, kwa kuwa haziwekwi kwa kipimo kimoja.

Nafasi ya tatu ni ya Olivem 1000, yenye Cetearyl Olivate na Sorbitan Olivate, ambazo hutokana na mafuta ya mzeituni na hazipitii ile gesi niliyoitaja. Anayetaka kukwepa Polysorbate aanzie hapa. Hutoa krimu nzito, yenye kung'aa, inayohisika kama ya dukani, lakini ina kiburi chake: inataka joto kamili, kupigwa kwa nguvu na kupozwa taratibu huku ikikorogwa, na ikikosa moja kati ya hayo huweza kufanya chenga au kutoa maji baada ya siku kadhaa. Tena, inapopakwa huacha michirizi myeupe inayochukua muda kupotea, hasa ikizidishwa. Mtu anayejua analofanya atapata nayo matokeo mazuri kuliko NF. Anayeanza atapoteza mafuta yake.

Ya nne ni Glyceryl Stearate SE, ambayo ni rahisi kuipata na mara nyingi ni nafuu. Herufi SE maana yake ni kwamba imetiwa sabuni kidogo ili iweze kuchanganya yenyewe, na sabuni hiyo ndiyo udhaifu wake, kwani losheni ikitiwa asidi sabuni huvunjika na mchanganyiko huvunjika nayo. Ni ya kununuliwa kama msaidizi wa nta nyingine. Ile isiyo na SE haichanganyi losheni peke yake, na wanunuzi wengi huzikosea hizi mbili.

Nafasi ya tano inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu nta hii hubeba jina lile lile la namba moja. Nta ya kuchanganyia yenye herufi BP, za kitabu rasmi cha dawa cha Uingereza, haina Polysorbate. Ni alkoholi ya mafuta pamoja na Sodium Lauryl Sulfate, kiambato kikali cha kuondoa mafuta ambacho hujulikana kwa kuwasha ngozi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Uingereza, MHRA, ilitoa tahadhari kwamba krimu ya aina hiyo yenye salfati huweza kuwasha ngozi, hasa za watoto wenye ukurutu, ikiachwa mwilini kama losheni. Nta ya BP inachanganya vizuri, hilo halina ubishi, lakini sioni sababu ya kuinunua kwa losheni ya kukaa mwilini kutwa nzima wakati NF ipo. Aidha, BP ikikutana na BTMS hugongana, maana moja ina chaji hasi na nyingine chanya. Kopo likisema tu ni nta ya kuchanganyia bila NF wala BP, orodha ya viambato ndiyo itakayoamua.

Ya mwisho ni nta ya nyuki pamoja na boraksi. Krimu ya nta ya nyuki, mafuta na maji inahusishwa na Galeno, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, na boraksi iliongezwa baadaye sana ili ikutane na asidi zilizomo katika nta na kufanya sabuni inayoshikilia mchanganyiko. Krimu yake ni nzito na yenye mafuta mengi. Umoja wa Ulaya umeiweka boraksi katika kundi la kemikali zenye madhara kwa uzazi, na hilo kwangu linatosha kuifunga mada.

Pamoja na nta, mnunuzi aweke kapuni vitu viwili ambavyo wengi huviahirisha. Cha kwanza ni mizani ya dijitali inayosoma gramu moja au chini yake, kwa sababu vijiko havipimi nta ya punje kwa usahihi. Cha pili ni kihifadhi, kwa kuwa losheni yoyote yenye maji ni shamba la bakteria na kuvu hata kabla harufu haijabadilika. Vitamini E huzuia mafuta yasichache tu, haiui vijidudu. Vihifadhi vya parabeni hudhoofishwa na Polysorbate, hivyo kwa nta ya NF ni heri vile vyenye Phenoxyethanol, ambayo sheria ya Ulaya huiwekea ukomo wa asilimia 1.

Kuhusu kiasi cha kununua, gramu 100 za nta kwa kipimo cha asilimia 5 hutoa kilo 2 za losheni, kwa hiyo mfuko wa kilo moja ni mkubwa mno kwa familia moja. Mchanganyiko wa kujaribia wenye gramu 200 huchukua maji yaliyochujwa kwa mvuke gramu 150, mafuta gramu 32, nta ya NF gramu 10, gliserini gramu 6 na kihifadhi gramu 2. Upande wa maji na upande wa mafuta hupashwa kila mmoja kwenye chombo chake hadi nyuzi 70 hivi za Selsiasi, huunganishwa na kupigwa kwa blenda kwa vipindi vifupi, na kihifadhi hutiwa joto likishashuka chini ya nyuzi 45.

Kabla ya kutia mafuta yoyote, nta iliyofika ijaribiwe. Gramu 5 zitiwe katika gramu 95 za maji ya nyuzi 75 na kukorogwa kwa kijiko kwa dakika chache. Nta ya kuchanganyia itayafanya maji yawe meupe kote, kisha yatakuwa mazito yakipoa. Kama punje zimeyeyuka na kuelea juu kama mafuta maangavu, na baada ya kupoa zikaganda kuwa sahani ngumu inayoweza kuinuliwa kwa vidole, kilichomo koponi ni nta ya nyuki au alkoholi ya mafuta tupu, na kopo lirudishwe lilikotoka likiwa bado na risiti yake.