TAHADHARI: Makoti ya mvua yanayouzwa kwenye steji za boda kuanzia Kisumu hadi Chavakali

Wenzangu wa boda, na wewe mama wa sokoni unayefunga kibanda saa ile mvua ya ziwa inapoanza kupiga, kuna mtu anazunguka steji zetu akiuza makoti ya mvua. Mimi ni mweka hazina wa steji moja upande wa Mamboleo. Nimemlipa shilingi 22,400 za chama kwa makoti 14, na hakuna hata moja linalozuia mvua. Namba yake na jina lililotokea kwenye M-Pesa sibandiki hapa, kwa sababu laini huenda imesajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua lolote. Polisi wanavyo, na OB (kitabu cha matukio cha polisi) tumeandikisha. Ninachotaka mjue ni ujanja wake, kwa maana mimi mwenyewe niliuona kwa macho yangu mawili na bado nikatoa pesa.

Alikuja saa tano asubuhi, jua limewaka, na gari dogo lililojaa mabunda nyuma. Yeye humwita kila mtu omera, yaani ndugu yangu, lakini Kijaluo chake kinaishia hapo. Hakuanza kwa kutaja bei. Alimvalisha mwenyekiti wetu koti, akafungua chupa ya maji ya nusu lita, akammiminia mkononi. Maji yakawa matone ya mviringo, yakateleza kama yanavyoteleza kwenye jani la nduma, yakaanguka chini. "Mwenyekiti, gusa ndani. Kavu?" Kavu kabisa. Watu wakapiga makofi. Akageuza kola akatuonyesha lebo nyeusi yenye maandishi ya fedha: 10,000 mm, na chini yake IPX7. Bei ilikuwa 1,800, tukashindana naye mpaka 1,600. Akaomba tutume kwa namba ya kawaida, eti till inamkata.

Siku nne baadaye nilibeba abiria kutoka Mamboleo kwenda Mbale. Mvua ilitukuta tukipanda kuelekea Kiboswa. Kabla sijafika Majengo nilikuwa nimelowa mapajani na pale unapokalia, kisha mabegani, kisha mshono wa kifuani ukaanza kuingiza maji kama mfereji. Simu ilikuwa mfuko wa ndani. Haijawaka tena. Jioni nikakuta wenzangu wote wana hadithi hiyo hiyo, na wote wananitazama mimi, kwa kuwa daftari la chama ninalo mimi.

Nilimpigia. Wakati huo alikuwa bado anashika simu. Akacheka akasema, "Boss, hiyo si mvua, hiyo ni jasho lako. Koti halipitishi kitu."

Hapo ndipo alinikera hasa, kwa sababu jibu lake lina ukweli nusu. Ukivaa koti la plastiki tupu na kuendesha au kusukuma pikipiki kwenye joto la Kisumu, mvuke wa mwili hauna pa kutokea, unageuka maji upande wa ndani. Makoti ya bei hutatua hilo kwa utando mwembamba uliofichwa katikati ya kitambaa. Unaojulikana zaidi ulitokana na kazi ya Bob Gore huko Marekani mwaka 1969, alipoivuta ghafla plastiki aina ya PTFE, ile ile inayopakwa kwenye sufuria zisizoshika chakula, ikatanuka na kuwa na vitundu vidogo mno. Tone la maji haliwezi kupenya, ila mvuke wa jasho unapita. Kwa hiyo mtu anaweza kukwambia kwamba umelowa jasho na asiwe mwongo. Lakini jasho halianzi kwenye mshono. Jasho halitoi mstari wa maji ulionyooka kutoka shingoni hadi kitovuni.

Sasa turudi kwenye ile chupa, kwa kuwa mtego wote uko pale.

Koti la mvua lina kazi mbili ambazo watu wengi, mimi nikiwemo, tulidhani ni moja. Ya kwanza ni uso wa kitambaa kukataa maji yasishike. Hiyo huletwa na dawa inayopakwa juu. Ya pili ni kitambaa chenyewe kuzuia maji yanapokisukuma, na hiyo huletwa na utando au tabaka la plastiki lililopakwa kwa ndani. Kila kazi ina kipimo chake maabarani. Ule uso hupimwa kwa kunyunyizia: kitambaa kinawekwa kwa mteremko wa digrii 45, mililita 250 za maji zinamwagwa juu yake kupitia kinyunyizio kilicho sentimita 15 juu, kwa sekunde 25 hadi 30, halafu wanatazama kimelowa kiasi gani na kukipa alama, 100 ikiwa hakikushika maji na 0 ikiwa kimelowa chote. Ukifikiria vizuri, bwana yule alitufanyia kipimo hicho hicho pale steji, kwa chupa ya nusu lita. Na koti lake lilifaulu! Dawa ya kupulizia, hata nta, inaweza kukifanya kitambaa cha mwavuli mbovu kifaulu kwa siku mbili tatu. Lebo, hata hivyo, ilikuwa inazungumzia kipimo cha pili, ambacho hakukifanya wala hangethubutu.

Zile milimita 10,000 ni kimo cha maji. Maabarani wanabana kipande cha kitambaa kwenye mashine, wanakisukuma kwa maji kutoka upande mmoja, shinikizo likiongezwa polepole, sentimita 10 au 60 za maji kwa dakika, hadi matone yatokeze upande wa pili sehemu tatu. Pale ndipo wanasoma namba. Kwa hiyo lebo ya 10,000 inadai kwamba ukisimamisha bomba la mita 10 juu ya kitambaa hicho, refu kama jengo la ghorofa tatu, ukalijaza maji, kitambaa hakitavuja.

Sisi hatuna mashine, lakini tuna fundi wa mabomba anayekaa jirani na steji. Alitupa kipande cha paipu ya maji taka ya inchi 4, urefu wa mita 1. Tukakata mgongo wa koti langu (lilikuwa langu, sikuomba ruhusa ya mtu), tukaufunga chini ya paipu kwa mpira wa tyubu na klipu ya chuma, tukaisimamisha juu ya matofali mawili na kuanza kumimina. Kitambaa kilianza kutoa jasho maji yakiwa kama sentimita 35. Yaani milimita 350 mahali pa 10,000. Kisha tukafunga kipande chenye mshono. Vikombe viwili tu, hata sentimita 15 hazijafika, maji yakaanza kudondoka.

Kuna kijana wa steji ambaye nduguye ni mvuvi kule Dunga, ziwani. Akaleta koti la mpira la njano, zito, la zamani, linanuka omena. Tulilifunga lile, tukajaza paipu mpaka juu, karibu lita 8. Tukaenda kunywa chai. Tuliporudi, chini ya paipu pakavu.

Mtu ataniuliza, matone ya mvua yana shinikizo gani, mbona unataka mita nzima? Tone lenyewe si kitu. Shida ni mwili wako. Mtu wa kilo 70 akikalia kiti chenye eneo la sentimita za mraba 700, kila sentimita ya mraba inabeba gramu 100, na hiyo ni sawa sawa na shinikizo la maji ya kimo cha mita 1. Wewe mwenyewe ndiye unayeyasukuma maji yaingie, kwa makalio, kwa magoti, kwa mkanda wa begi. Ndiyo maana sote tulilowa pale kwanza. Kule Ulaya kanuni ya nguo za kazi za mvua, EN 343, ina madaraja, na daraja la 3 linadai paskali 13,000, kama mita 1.3 za maji. Kanuni hiyo hupima mishono pia, si kitambaa peke yake.

Na mishono ndiyo ilinifanya nione aibu, kwa kuwa mke wangu ni fundi cherehani na aliliona kosa kwa sekunde mbili. Kila sindano inapopita inaacha tundu. Tatizo hilo ni la zamani kuliko babu zetu: Charles Macintosh wa Glasgow alipoanza mwaka 1823 kubana mpira katikati ya vitambaa viwili, kitambaa kilikuwa kizuri, lakini washonaji walipokitoboa maji yakaingia. (Ndiyo, jina ni lile lile la makintoshi ya kitanda cha mtoto. Makintoshi haina mshono, ndiyo sababu inafanya kazi.) Siku hizi koti la kweli hubandikwa tepu juu ya kila mshono kwa ndani, inayoyeyushwa kwa hewa moto hadi ishikane na kitambaa. Makoti yetu yalikuwa na tepu pia. Kwenye kola na kofia tu, pale mnunuzi anapochungulia. Ukishuka chini ya kola, hakuna. Mabegani hakuna, kwapani hakuna, kifuani hakuna, na ile ya kola yenyewe ilibandikwa kwa gundi, unaichambua kwa kucha. Hiyo si bidhaa duni tu iliyomponyoka mtu kiwandani. Aliyeamua tepu iishie wapi alijua mteja anatazama wapi.

Kuhusu IPX7: hiyo ni alama ya vifaa vya umeme. Simu au spika yenye alama hiyo inaweza kuzama mita 1 ya maji kwa dakika 30. Koti lina shingo na mikono miwili, utalizamishaje? Ukiiona kwenye nguo, rudisha pesa mfukoni.

Akija steji yako, mwache amimine chupa yake, kisha mwombe akupe koti dakika kumi. Ligeuze nje ndani na ufuate mishono kwa kidole kuanzia kwapani, si kolani. Weka mdomo kwenye kitambaa upulize kwa nguvu. Pumzi ikipita, hakuna utando wala tabaka lolote. Fanya kitambaa kama bakuli, sehemu yenye mshono iwe katikati, weka maji, weka tishu chini, halafu sugua kwa kidole gumba kama unavyokalia kiti. Kwetu tishu ingelowa kabla hujamaliza kuhesabu mpaka ishirini. Na kama anasema dawa ya juu ni ya kudumu, sugua mkono wa koti kwa kitambaa chenye sabuni, suuza, kisha mimina tena. Dawa nzuri nayo huisha kwa kuvaliwa na kufuliwa, lakini haiishi kwa msuguo mmoja.

Wanaochagua mtumba pale soko la Kibuye, mnafanya vyema, kuna makoti mazuri mno kule, ila pitisha ukucha upande wa ndani. Ukiona unga au magamba meupe, lile tabaka limeoza. Joto na unyevu vinaila polepole hata koti likiwa limekunjwa tu kwenye bunda, na hakuna fundi atakayelirudisha.

Kuhusu pesa: nilituma kwa namba ya mtu binafsi, kwa hiari, kwa hiyo kurudisha muamala hakukuwezekana; alikuwa ameshatoa. Sheria iko upande wetu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kilingane na maelezo hayo, na Mahakama ya Madai Madogo inasikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1. Lakini unamshtaki nani, omera? Ndiyo maana till aliikataa.

Mara ya mwisho ameonekana Chavakali, wiki iliyopita, na sasa namba ya kwenye lebo imepanda, ni 15,000 mm. Kama amepita kwenu Luanda au Maseno, peleka ujumbe wako wa M-Pesa kituo cha polisi cha karibu na uandikishe OB, malalamiko yakiwa mengi faili litasonga. Nami bado nalipa chama kidogo kidogo, 500 kwa wiki, ingawa mwenyekiti alisema si lazima. Paipu tumeiacha steji, imefungwa kwenye nguzo ya stima. Ukinunua koti kwa yeyote, pitia nalo, maji tunayo.