OBS Studio na waifai ya pole: laivu za hina kutoka Kisauni

Nianze na neti yenyewe ndo mnielewe. Nakaa Kisauni, waifai ya nyumbani ni ile pakeji ya chini, kudaunlodi napata kama Mbps 5 hivi, lakini kuapulodi, na hiyo ndo inayobeba laivu, asubuhi haifiki hata 2 na usiku majirani wakishajifungia na simu zao inashuka chini ya 1. Na nyaya za intaneti za baharini za SEACOM na TEAMS zimetua hapahapa Mombasa tangu 2009! Haya tuyaache.

Dadangu anapaka hina na piko, sasa mashoga zake na mabinamu wetu wa Muscat wataka kumuona akichora, akanambia nitafutie njia. Kwa simu YouTube wanataka chaneli iwe na subskraiba 50 kwanza, yetu ilikuwa changa bado. Kwa laptopu sharti hilo hakuna, unaomba kufunguliwa laivu kisha wangoja mpaka masaa 24, basi. Ndo nkaishika OBS, programu ya kompyuta ya kurekodi na kurusha laivu, ya bure kabisa na haikuwekei nembo yake juu ya video yako.

Kinachonifanya niipende ni kuwa inakwambia ugonjwa uko wapi. Ukifungua Stats, fremu (zile picha moja moja zinazounda video) zilizopotea kwa ajili ya neti zimeandikwa mbali na zile ambazo laptopu yenyewe imeshindwa kuzimaliza, kwa hivo hutukani waifai bure kumbe mashine ndo imechoka. Yangu ilikuwa neti, wala haina mjadala. Nikashusha: video 480p, yani picha ndogo, bitireti (data inayotumwa kila sekunde) kilobiti 1,000, sauti kilobiti 128, fremu 20 kwa sekunde badala ya 30 maana mkono wa mpaka hina hauendi mbio, na rauta nkaiunga na laptopu kwa waya. Yani usitumie apulodi yako yote, bakisha, manake ile namba ya spidi test haisimami mahali pamoja.

Sasa mambo ya pazia la nyuma ya picha. Haya maprogramu hayatumi picha nzima kila mara, yanatuma zaidi kile kilichobadilika tangu fremu iliyopita, na sisi nyuma tulikuwa tumetundika leso ya maua inapepea kwa feni, kila ua likicheza linakula bitireti ambayo ingeenda kwenye mkono wa bi harusi, mistari ya hina ikawa kama tope. Tukaitoa leso (dada alinuna, yeye ndo alotaka pawe na urembo), ukabaki ukuta mtupu, feni ikageuzwa upande wetu maana joto hili huwezi kuizima, kamera ikakazwa kwenye stendi, taa ikaongezwa kwa sababu gizani kamera huleta chengachenga na chengachenga nazo zinakula bitireti vilevile. Bitireti ni ile ile 1,000, lakini vijani vidogo vya vidoleni vikaonekana! Kwangu mimi hili limesaidia kuliko setingi yoyote.

Kwa upande wa YouTube nimeacha ucheleweshaji wa kawaida, wanaotazama wanatuona baada ya sekunde kadhaa, mtu akiuliza hina imechanganywa na nini dada ashafika mkono wa pili, lakini picha haigandi ovyo. Ndani ya OBS, kwenye setingi za Advanced, mna kisanduku cha kuiruhusu ijishushie bitireti yenyewe neti ikibana, kitieni tiki.

Ubaya wake? Ukiifungua mara ya kwanza skrini nyeusi tii, hujui pa kushika, na laptopu ya zamani inapata moto. Setingi hizi zinakula kama MB 500 kwa saa, wenye bando za simu wapige hesabu mapema.

Na apulodi ikiwa chini ya 1 msijitese na laivu. Usiku mimi siwashi kabisa, namrekodi dada kwa OBS hiyohiyo, picha safi bila kubanwa na neti, halafu naiacha ipande YouTube polepole mpaka asubuhi, mradi stima isipotee.