LatencyMon ilivyonionyesha kinachotatarisha sauti

Wiki nzima nililaumu spika. Nikabadili waya, nikahamia hedifoni, bado muziki unatatarika kama mafuta ya moto yaliyodondokewa na maji. Draiva ya sauti, yaani programu inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa cha sauti, niliifuta na kuiweka upya mara tatu. Mara ya tatu nilifanya kwa hasira tu.

Ndipo nikapakua LatencyMon, programu ya Windows inayopima ucheleweshaji unaoletwa na draiva, ambayo ni bure kwa matumizi ya nyumbani. Unabonyeza kitufe cha kuanzisha, unaiacha ipime. Dakika mbili za kwanza iliniambia kwa kijani kwamba kompyuta haina tatizo, nikataka kuifuta. Bahati nzuri nilikuwa napakua faili kubwa huku muziki ukiendelea: tatariko likaja, na maandishi yakageuka mekundu papo hapo.

Nilichokuwa sikijui ni kwamba Windows kwa kawaida huandaa sauti kwa vipande vya milisekunde 10, yaani sampuli 480 ukiwa kwenye 48,000 Hz (sampuli 48,000 kwa sekunde). Draiva nyingi zina kazi za haraka ziitwazo DPC, ambazo hupita mbele ya programu zote za kawaida. Microsoft inashauri DPC moja isizidi mikrosekunde 100, yaani sehemu ya kumi ya milisekunde. Ikiing'ang'ania prosesa, kipande cha sauti kinachofuata kinachelewa, spika inakosa cha kucheza, nawe unasikia "tak!" Kwa hiyo draiva ya sauti inaweza kuwa haina hatia kabisa.

Kwenye ukurasa wa madraiva nilipanga orodha kwa muda mrefu zaidi wa utekelezaji. Juu kabisa ilikaa ndis.sys, milisekunde 12 na ushee. Hapa ndipo programu hii inaponikera: ndis.sys ni sehemu ya Windows inayotumiwa na draiva zote za mtandao, kwa hiyo umeonyeshwa mtaa, nyumba utaitafuta mwenyewe. Ukiona Wdf01000.sys ni hadithi ile ile, maana nayo hubeba draiva za wengine.

Nikaingia kwenye orodha ya vifaa, nikazima waifai. Kimya. Nikaiwasha, tatariko likarudi. Nikaizima tena, kwa sababu sikuamini. Draiva ya waifai ilikuwa imejisasisha yenyewe siku chache kabla; nikairudisha toleo la nyuma, kipimo cha juu kikashuka chini ya milisekunde moja.

Ripoti yake ni ndefu na imejaa istilahi, na ukiipima kwa dakika moja itakudanganya. Iache robo saa, ufanye kazi zile zile zinazoleta kelele. Mimi nimebaki na "tak" moja ninapochomeka diski ya nje. Hiyo bado sijaifuatilia.