Usiku sita Gotokuji: uzoefu wangu wa kulala mtaa wa makazi Tokyo

Gari langu ni Passo. Nililigomboa mwenyewe bandarini Dar es Salaam mwaka 2016, na mpaka leo kila nikiliwasha linanisemesha Kijapani: sauti ya dada mpole inayolalamika kwamba kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Kugomboa magari ndiyo kazi yangu, kwa hiyo sauti hiyo haikuwa ngeni. Nilichokuwa sikijui ni kile kibandiko cha duara kwenye kioo cha nyuma, mpaka mteja mmoja aliyesoma Japani aliponieleza kuwa kinatokana na cheti cha polisi kwamba mwenye gari ana pa kuliegesha. Huko, akasema, kama huna maegesho ndani ya kilomita 2 kutoka unapoishi, gari halisajiliwi.

Neno hilo lilinikaa. Mimi naishi Sinza, ambako kulitoa gari getini asubuhi kunahitaji kwanza kugonga milango ya majirani wawili. Mtaa ambao hakuna hata gari moja lililolazwa barabarani unafananaje? Basi tulipojaliwa kusafiri, mimi na mke wangu, Februari 2025, nikamwambia hatulali Shinjuku, katikati ya jiji kwenye mataa. Tunakwenda kulala magari yanakolala.

Tukachagua Gotokuji, ndani ya manispaa ya Setagaya, upande wa magharibi wa Tokyo. Setagaya ina wakazi zaidi ya laki tisa, wengi kuliko manispaa yoyote kati ya 23 za katikati ya jiji, lakini sehemu kubwa ni vinyumba vya ghorofa mbili vilivyobanana kwa adabu. Sababu ya pili ilikuwa ya mke wangu: reli ya Odakyu inayopita hapo inafika Yoyogi-Uehara, stesheni tano tu, na Yoyogi-Uehara ndiko uliko msikiti mkubwa wa Waturuki.

Sasa niseme palipouma, maana hapa ndipo mtu anaweza kupoteza pesa. Nilipata nyumba nzuri kwenye programu moja ya kukodi nyumba za watu, usiku sita, Alhamisi mpaka Jumatano. Nikalipia. Nikaanza kujaza fomu za viza, na viza ya Japani inataka ratiba ya siku kwa siku: tarehe, utakachofanya, jina la malazi, anwani, simu. Nimemaliza kila kitu, bado siku mbili nipeleke makaratasi, mwenye nyumba ananiandikia kwamba anasikitika, anaweza kunipokea Jumamosi na Jumapili tu.

Nilidhani kapata mgeni wa bei kubwa zaidi. Kumbe sheria. Tangu Juni 2018 nyumba ya mtu binafsi iliyosajiliwa kupokea wageni haitakiwi kuzidi siku 180 kwa mwaka, na juu ya hapo kila halmashauri inaweza kuongeza masharti yake. Setagaya imeongeza: kwenye maeneo yaliyotengwa kwa makazi tu, nyumba hizo hazipokei wageni kuanzia Jumatatu saa sita mchana mpaka Jumamosi saa sita mchana, ukiacha sikukuu. Yaani ule utulivu nilioufuata ndio ulionifukuza. Mwenye nyumba hakuwa mwizi, alisahau tu kufunga kalenda yake, na pesa zilirudi baada ya siku kumi na moja. Lakini presha ile sitaki kuipata tena.

Kwa hiyo ukipanga mtaa wa namna hii, usianze na picha za kitanda. Angalia namba ya usajili kwenye tangazo, kisha muulize mwenye nyumba waziwazi: leseni yako ni ya nyumba ya wageni au ya nyumba binafsi, na Jumanne tunaruhusiwa kulala? Nyumba ya wageni yenye leseni ya aina ya hoteli inapokea mwaka mzima. Ni chache kwenye mitaa ya makazi, nyingi ni za vyumba vitatu vinne, na zinajaa mapema. Tuliipata moja mwendo wa dakika saba kutoka stesheni, yen 13,000 kwa usiku kwa watu wawili. Chumba kidogo kiasi kwamba tukifungua masanduku yote mawili hakuna pa kukanyaga. Mikeka ya majani, magodoro ya kutandika chini, na kijihita ambacho mke wangu alikikalia kama kuku anayeatamia. Februari ya Tokyo mchana ni nyuzi 10, usiku inakaribia sifuri. Wa Pwani wenzangu, msifanye mchezo na makoti.

Kufika nako kulikuwa na kisa. Tulitoka uwanja wa Narita kwa treni ya moja kwa moja mpaka Shinjuku, mambo sawa. Nilikuwa nimenunua uwanjani kadi ya nauli ya watalii, Welcome Suica, inayotumika siku 28, kwa sababu simu yangu ya Android haikubali kuwekewa kadi yao. Shinjuku tukaona treni ya Odakyu imesimama, nzuri, ina nafasi. Tukaingia. Ikaenda. Ikapita stesheni moja, mbili, nne, na ile ya kwetu ikapita dirishani nikiwa nimeshika begi mkononi tayari kushuka. Mara tunavuka mto mpana.

"Baba, mbona huu mto hukunitajia?"

Ulikuwa Tama, na ng'ambo yake ni Noborito, mkoa mwingine kabisa. Tulikuwa tumepanda ile ya mwendokasi. Gotokuji zinasimama treni za kawaida tu, na pale Shinjuku za kawaida zinaondokea ngazi ya chini, chini ya ardhi. Sisi tulipanda za juu. Kosa langu tupu. Ukitoka Shinjuku kwenda kwenye vitongoji, kujua jina la reli hakutoshi, lazima ujue na aina ya treni.

Mtaa wenyewe, jamani. Nje ya stesheni kuna sanamu ya paka ameinua mkono, halafu kibarabara cha maduka: mkate, maua, dobi, fundi baiskeli. Ukikata kona mbili, maduka yanakwisha na sauti zinakwisha. Kweli hakuna gari barabarani. Kila nyumba ina kijishimo chake upande, na gari limeingizwa humo kinyumenyume, limebaki unene wa kiganja kila upande. Nikaziona zote: IST, Passo, Noah, zimelala zimeoshwa. Nilisimama mbele ya Passo moja ya rangi kama langu mpaka mke wangu akanivuta mkono, akihofu tutadhaniwa tunalikagua kwa nia mbaya.

Anwani zao zitakusumbua. Barabara ndogo hazina majina. Hekalu la Gotokuji, kwa mfano, ni 2-24-7: sehemu ya 2 ya mtaa, kitalu cha 24, nyumba ya 7. Ukishaelewa kwamba namba inataja kitalu na si barabara, unaacha kutafuta kibao cha jina na unaanza kusoma vibao vidogo kwenye kuta na nguzo. Siku ya tatu nilikuwa naelekeza wageni wengine.

Hekalu lina maelfu ya paka wa udongo, weupe, kila mmoja ameinua mkono wa kulia na hana sarafu mkononi. Hadithi yao ni kwamba mtawala wa Hikone, Ii Naotaka, alikuwa akipita hapo katika karne ya 17, paka wa hekalu akampungia mkono, akaingia ndani, na radi ikanguruma nyuma yake. Tangu hapo ukoo wa Ii ukalifanya hekalu hilo mahali pao pa kuzikia. Watu wananunua paka, wanaomba, na wengine wanarudisha paka wao hapo baada ya ombi kukubaliwa. Mke wangu anapenda paka kupita kiasi, na alipiga picha mpaka simu ikazima, ila kununua alikataa. "Sanamu ndani ya nyumba? Wa kwetu wa kweli atasemaje?"

Kilichonigusa mimi kiko nyuma ya paka, makaburini, ambako watalii hawafiki sana. Kaburi la Ii Naosuke liko huko, kiongozi wa serikali aliyeuawa mwaka 1860 nje ya lango la ngome ya Edo, jina la zamani la Tokyo. Mwaka uliotangulia, katika msako aliousimamia Naosuke, walimkata kichwa mwalimu kijana aliyeitwa Yoshida Shoin. Naye kaburi lake liko wapi? Ukipanda tramu Miyanosaka, kituo cha jirani na hekalu, ni vituo vitatu tu, unashuka Shoin-jinja-mae, umefika. Aliyehukumu na aliyehukumiwa wanahudumiwa na tramu moja, nauli moja.

Na tramu hiyo, reli ya Setagaya, ndiyo ningeipa nyota tano bila kufikiri. Mabehewa mawili, kilomita 5, vituo 10, kutoka Sangenjaya mpaka Shimo-Takaido, yen 160 popote unaposhuka. Inapita uani kwa watu, karibu kiasi cha kuona soksi zilizoanikwa. Abiria hawaongei. Mtoto wa shule mwenye kofia ya njano alitutazama kutoka Kamimachi mpaka Wakabayashi bila kupepesa, kisha akashuka akainamisha kichwa kidogo, kama mtu mzima aliyetoka kikaoni.

Kwenye chakula nitatoa nyota tatu. Mtaani hapo mgahawa wa halali hatukuupata. Tuliishi kwa samaki, mayai, wali wa kufinyangwa wa dukani wenye samaki ndani, na ule wenye umeboshi, tunda la Kijapani lililochachushwa, ambalo ukali wake ni ndugu wa ukwaju na chumvi. Jihadhari na michuzi: mirin ni pombe ya kupikia na inaingia kwenye vitu usivyovitegemea. Ijumaa tulikwenda msikitini Yoyogi-Uehara. Wa kwanza ulijengwa mwaka 1938 na Watatari waliokimbia kutoka Urusi, ukabomolewa 1986, na huu wa sasa, wa mtindo wa Kiosmani, ulifunguliwa mwaka 2000. Mna duka la vyakula vya halali ndani, tukabeba nyama ya kuku ya kututosha mpaka siku ya kuondoka. Anayepanga mtaa huu apange na siku ya duka hilo mapema, si mpaka njaa imeshauma kama sisi.

Shimokitazawa, stesheni tatu kutoka kwetu, ni mji wa mitumba. Sisemi kwa utani. Duka juu ya duka la nguo za zamani za Kimarekani, zimepangwa kwa rangi, zimepigwa pasi, vijana wanapanga foleni. Sweta ambalo kwenye soko la Karume, Dar es Salaam, ningelipigania kwa elfu nane, pale lilikuwa na kibandiko cha yen 6,900. Mke wangu aliligeuza, akakagua kwapani, akalirudisha. "Hii si grade A."

Kuhusu takataka, mwenye nyumba, bibi wa miaka sabini na kitu, alitupa somo la nusu saa kwa programu ya kutafsiri. Za kuchoma siku hizi, chupa siku ile, zitolewe asubuhi ya siku yenyewe kabla ya saa mbili, si usiku, na zifunikwe wavu. Wavu ni kwa ajili ya kunguru. Nilicheka, kwa sababu Dar es Salaam tunawajua kunguru, lakini wa Tokyo ni wakubwa, weusi tii, na wana midomo kama koleo. Asubuhi moja mtu mmoja hakubana wavu vizuri. Nilimkuta bibi yule anaokota maganda ya mayai, moja moja, na hakuwa yeye aliyeyatupa.

Jambo moja dogo la kuwafurahisha wasomaji wa Kiswahili. Tokyo iko mbele yetu kwa saa sita. Saa ya ukutani ya stesheni ikionyesha 8 usiku, nyumbani ni saa nane mchana. Ikionyesha 1 mchana, nyumbani ni saa moja asubuhi. Yaani kila saa ya Japani ilikuwa inanisomea saa ya kwetu kwa Kiswahili fasaha. Kupiga simu kwa watoto hakukuhitaji hesabu yoyote.

Nyumba ya wageni naipa nyota nne. Ya tano imezuiwa na kuta: tulimsikia jirani akigeuza ukurasa, na bila shaka naye alitusikia. Ukizoea nyumba ya watoto wengi na redio, siku mbili za kwanza utajiona unanong'ona hata bafuni.

Kwenye karatasi ya masharti, namba 6, waliandika kwamba tafadhali usiburute sanduku la magurudumu nje kuanzia saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi. Treni yetu ya kwenda uwanjani ilitaka tutoke saa kumi na moja alfajiri. Nilitazama masanduku, nikatazama lami. Mke wangu akatoa kanga, akaizungusha ikawa kata, akajitwika sanduku dogo. Mimi nikabeba lile kubwa begani. Dakika saba zikawa kumi na tano. Kwenye kona ya mwisho tukakutana na mzee anatembeza mbwa gizani. Akasimama, akatupisha, akainama. Na mbwa wake hakubweka.