Kikokotoo cha umbali wa ndege: nimekipima kwa safari ya Lukla

Kipo kikokotoo cha bure mtandaoni ambacho ukikiandikia majina ya viwanja viwili vya ndege hukupa umbali baina yake na muda wa kuruka. Nilikipima kwa safari isiyokubali hesabu za jumla jumla: kutoka Kathmandu, mji mkuu wa Nepal, hadi Lukla, kiwanja wanakoshukia wengi wa wanaoelekea Everest kwa miguu.

Kwa upande wa umbali sina ugomvi nacho. Kilinipa kilomita 135, na nilipoirudia hesabu mwenyewe kwa kutumia latitudo na longitudo za viwanja hivyo, jibu halikubadilika. Ramani yake huchora mstari mmoja wa buluu unaovuka matuta yote kana kwamba nchi ni tambarare, lakini hilo linasameheka.

Muda ndio ulionitia mashaka. Kilisema dakika 40, ilhali ndege hutumia kama 30 hadi 35, na maandishi madogo chini ya jibu yakanionyesha kosa linakotoka: hesabu huchukua kasi ya kilomita 800 kwa saa, kisha huongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Hiyo ni kasi ya jeti kubwa za abiria, ambazo haziwezi kutua Lukla hata kidogo, kwa kuwa njia yake ya kurukia ina urefu wa mita 527 tu na mwinamo wa karibu asilimia 12, hivi kwamba ndege hutua ikipanda na kuondoka ikishuka kuelekea bondeni. Zinazokwenda huko ni ndege ndogo za panga boi kama Twin Otter, ambayo kasi yake ni kidogo zaidi ya thuluthi ya hiyo. Jibu lilikaribia ukweli kwa sababu tu kasi iliyozidishwa ilifidiwa na nusu saa ya nyongeza.

Bahati hiyo haikujirudia nilipojaribu Ramechhap, kiwanja ambako safari nyingi za Lukla huhamishiwa nyakati za msongamano wa watalii. Umbali ulitoka kilomita 73, sawasawa kabisa, lakini muda ukawa dakika 35 na zaidi, wakati safari yenyewe huisha kabla ya dakika 20. Aidha, hakuna neno lolote kuhusu saa ya kuondoka, ingawa ndege za Lukla huruka zaidi asubuhi, kabla upepo na mawingu ya mchana havijawanyima marubani nafasi ya kuiona njia kwa macho.

Nakipa nyota tatu kati ya tano, zote za umbali. Laiti kingemruhusu mtumiaji kuchagua aina ya ndege, ningekiongezea ya nne.