Azure Files kwa seva za ofisini: anza na poti 445

Nyaraka za ofisi yetu ya Dar es Salaam tunazihifadhi Azure Files, huduma ya Microsoft ya folda za pamoja kwenye wingu, akaunti ikiwa Johannesburg. Kwa seva iliyo ndani ya Azure yenyewe naisifu huduma hii bila kusita: amri moja tu, folda inaonekana, watu wanaendelea na kazi. Jasho linakutoka pale seva ya ofisini, iliyo kwenye faiba ya kawaida, inapotakiwa kuifikia folda hiyohiyo.

Seva yetu ya Windows ilileta kosa 53, kwamba njia ya mtandao haikupatikana. Ya Linux ikasubiri kisha ikatoa kosa 115. Wengi hapo hukimbilia kubadilisha ufunguo wa akaunti. Tafadhali uache. Makosa haya yanaonyesha kwamba seva haijafika hata mlangoni, na huo ufunguo haujaulizwa na mtu. Endesha Test-NetConnection, amri ya PowerShell ya kupima kama njia iko wazi, kwenda kwenye jina la akaunti yako, poti 445 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba). Kwetu jibu lilikuwa False, yaani haikupita, ilhali poti 443 ya anwani ileile ilipita vizuri.

SMB, lugha ambayo seva zetu hutumia kufungua folda hizi kupitia mtandao, hupita poti 445, na watoa huduma wengi wa intaneti huifunga kwa sababu virusi huitumia kusambaa. WannaCry ya Mei 2017 ilipita humo. Sababu naielewa. Kilichonikera ni kumpigia simu mtoa huduma wetu na kuambiwa intaneti iko sawa, bila neno lolote kuhusu poti iliyofungwa. Mteja anayelipia laini ya biashara anastahili kuambiwa.

Tukaweka VPN, yaani njia ya faragha kutoka ofisini hadi Azure, pamoja na anwani ya ndani ya akaunti, lakini bado ikagoma! Nslookup, amri ya kuuliza jina lina anwani gani, ndiyo iliyotuonyesha: jina la akaunti lilikuwa linarudisha IP ya nje, kwa hiyo mawasiliano yaliikwepa VPN na kugonga ukuta uleule. DNS ya ofisi, inayogeuza majina kuwa anwani za IP, ilipoelekezwa kuuliza upande wa Azure, folda zikafunguka. Kwenye fstab ya Linux, faili linaloorodhesha folda za kuunganishwa seva inapowaka, ongeza nofail, la sivyo siku VPN ikikatika seva inaweza kukwama wakati wa kuwaka.

Kwa Windows Server siku hizi napendekeza Azure File Sync, programu inayolinganisha faili za seva na zile za Azure Files. Inatumia poti 443 na kuacha nakala ofisini, hivyo faili zinafunguka haraka hata laini ikiwa nzito. Linux haina programu hiyo, ndiyo maana VPN tunaendelea nayo.