Chaja ya Gari ya Kununua Kabla ya Safari ya Masasi

Msimu mmoja wa korosho tulikuwa tunarudi Mtwara kutoka Masasi. Tulipoipita Mtama, gari likaanza kunuka plastiki inayoungua. Nikadhani ni waya wa injini, nikasimama pembeni. Kumbe ni chaja ya simu niliyoinunua stendi asubuhi ile kwa shilingi 3,000. Nilipoichomoa, ncha yake ya chuma iliniunguza vidole, na plastiki iliyoizunguka ilikuwa imelainika kama nta. Simu ilipona, lakini fyuzi ilikatika. Tangu siku hiyo sinunui chaja ya gari bila kusoma maandishi yake, na nakuomba nawe usinunue.

Kati ya njia za kuchaji simu garini, ya kwanza kwangu, na kwa mbali, ni chaja ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la kuwashia sigara, yenye tundu la Taipu-C la wati 30 na mfumo wa PD. Kwa mfumo huu chaja na simu hukubaliana kwanza kiasi cha umeme, ndipo chaji iongezeke. Simu isiyohitaji wati nyingi haitalazimishwa kuzipokea.

Boksi lisikudanganye. Geuza chaja yenyewe, utafute maandishi madogo ubavuni, kisha zidisha volti kwa ampia. Volti 9 mara ampia 3 ni wati 27, hiyo ni nzuri. Ukikuta boksi linajisifu wati 30 na ubavuni pameandikwa 5V 2.4A tu, hizo ni wati 12, irudishe. Angalia pia umeme unaoingia: iandikwe 12–24V. Gari dogo lina betri ya volti 12, na injini ikiwaka umeme hupanda hadi karibu 14. Malori mengi makubwa, kama yale yanayoteremsha korosho bandarini, ni ya volti 24. Chaja ya volti 12 peke yake ukiichomeka kwenye lori, umeiua, na huenda ikaondoka na simu.

Waya nao usiufanyie ubahili. Waya mwembamba hupoteza umeme njiani na kupata joto, hata chaja iwe bora namna gani.

Ya pili ni pawabenki. Unaijaza nyumbani usiku, ndani ya gari haigusi umeme wa gari kabisa, na mkikwama mmezima injini bado mna simu. Kasoro yake ni jua letu. Betri za lithiamu hazipendi joto, na gari lililofungwa vioo nje ya ghala saa saba mchana ni tanuri. Ukishuka, shuka nayo.

Kwa simu ni hivyo hivyo. Kuichaji juu ya dashibodi, chini ya kioo cha mbele, ni kuichosha betri: inachemka kwa chaji na inachemka kwa jua. Simu nyingi hupunguza chaji zenyewe au huikata kabisa zikizidi joto, halafu mtu analaumu chaja. Iweke kwenye mfuko wa mlango au karibu na tundu la kiyoyozi. Kwa sababu hiyo hiyo chaja zisizo na waya siziweki kwenye orodha yangu. Zinaongeza joto, na sisi joto tunalo la kutosha.

Ya tatu ni tundu la USB lililokuja na gari. Ni salama, ila kwa magari mengi ya zamani linatoa nusu ampia tu, yaani wati 2.5. Simu ndogo itasogea kidogo. Kishikwambi, kama vile vya Sensa ya mwaka 2022 walivyogawiwa walimu baadaye, ni habari nyingine: chenye betri ya mAh 7,000 kitahitaji zaidi ya saa kumi kujaa, na Mtwara hadi Masasi ni kilomita 200 hivi tu.

Inveta inayobadili umeme wa gari kuwa wa ukutani nunua kama una kompyuta mpakato isiyochaji kwa Taipu-C. Kwa simu ni hasara, umeme mwingi unaishia kuwa joto.

Na fyuzi ikikatika, usikubali fundi akuwekee kipande cha waya au fyuzi kubwa zaidi. Fyuzi ndiyo iliyotuokoa siku ile.

Dukani, kabla hujalipa, toka na chaja hadi kwenye gari lako, ichomeke na uitikise. Masikio yake ya chuma yawe na springi ngumu, isicheze. Inayocheza itapiga cheche kwenye kila tuta, na ncha yake itachemka. Muuzaji akikukatalia kuijaribu, nenda duka linalofuata.